Kope za Rehema na Nadhiri ya Mama

Shoga zangu, mmenipigia simu mpaka chaji inaisha, na swali lenu ni moja: Rehema anaona? Anaona. Aliona siku zote. Sasa tulieni niwasimulie tangu mwanzo, maana nikieleza kipande kipande kila mmoja wenu anaongeza la kwake, na juzi nimesikia sokoni kwamba mdogo wangu kawekewa jicho la kioo.

Tanga hadi Addis Ababa

Mnajua ilivyoanza. Rehema, kitinda mimba wetu, yuko Landani mwaka wa ishirini huu, anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Akanipigia simu kwamba anafanyiwa upasuaji wa macho, na nisimwambie mama. Nikamwambia mama. Mlitaka nifanyeje? Upasuaji wa macho si habari ya kukaa nayo kifuani peke yako.

Mama ana miaka themanini na mbili, na sukari ya kuchoma sindano asubuhi na jioni. Alinyanyua mikono palepale jikoni akaweka nadhiri: Mungu akimwachia Rehema macho yake, atafunga siku saba mfululizo, na ataanza kesho yake baada ya kusikia kwa mdomo wa Rehema mwenyewe kwamba anaona. Nikamkumbusha kwamba daktari kamkataza hata Ramadhani. Akanijibu kwamba daktari hakuwepo wakati yeye anaahidi. Nikaona hapa nina wagonjwa wawili, mmoja wa macho na mmoja wa ubishi.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake hospitalini, lazima awepo mtu wa kumuuguza, na mtu huyo kila mara ni mimi. Basi nikafungasha kama muuguzaji mzoefu: mkeka wa kulala chini ya kitanda chake, chupa mbili za chai, kanga pea nne, beseni la kumnawisha uso, na unga wa uji kilo nne. Nilijiandaa kwa wiki tatu za sakafuni.

Addis tuliambiwa tungoje saa mbili, tukangoja tisa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Bukavu, Mama Furaha, anafanya usafi maofisini hukohuko Landani. Tulikula visheti vyangu mpaka tukafika chini ya mfuko. Nilipomweleza habari za mdogo wangu akaweka kisheti chini.

"Mama, tuombe sasa hivi," akasema. "Macho ni kitu ya Mungu."

Akasimama, akafumba macho, akaanza kumwomba Yesu kwa sauti ambayo watu wa mlango wa pili walidhani ndege yao inaitwa, wakapanga foleni. Mimi na hijabu yangu nikaitikia amina kila alipotua. Mgonjwa wangu alihitaji dua zote zilizopatikana.

Heathrow hadi Thamesmead

Uwanja wa Heathrow wakanifungua sanduku. Kijana wa forodha akatoa mifuko minne ya unga wa kahawia usio na jina, akaipanga mezani, kisha akanitazama. Nikamwambia uji. Akauliza, uji wote huu? Nikamwambia dada mgonjwa. Akatoa mkeka, akatoa beseni, akaangalia ndani ya beseni, akarudisha kila kitu taratibu. Nadhani alinionea huruma, au alimwonea huruma huyo dada.

Nje alikuwa akinisubiri Salma, binti wa Rehema, miaka kumi na tisa, mzaliwa wa hukohuko. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na ananiita "Auntie". Nikamwambia mimi si anti, mimi ni mama mkubwa wako. Akasema, "Okay, mama mkubwa," na tangu hapo mtoto wa watu hakukosea tena.

Tulipanda treni inayokata mji mzima mpaka Abbey Wood. Nilipoingia nikawasalimu abiria, si ndivyo tulivyolelewa? Behewa zima likatazama viatu vyake. Nikakaa, nikamwuliza Salma kwa upole: mama yako bado anaona kidogo, au giza limeshaingia?

Salma akanikodolea. "Giza? Mama mkubwa, she's fine. Ni hizi tu." Akagusa kope zake za juu. "Zimelegea. Wanakata ngozi ya ziada. It's just for looks."

Nikauliza mara ya pili, labda uchovu. Akarudia. Urembo. Nilimwona mama yangu jikoni, mikono juu, na zile sindano zake kwenye kikombe, na moyo ukaniwaka.

Kutoka kituoni tukapanda basi, tukashuka kwenye maghorofa ya Thamesmead, na Rehema akafungua mlango huku anacheka, macho yake yaleyale, ya mama, ambayo ninayo na mimi: yale ya kope nzito, mtu anadhani umeamshwa sasa hivi.

"Rehema," nikamwambia kabla sijavua kiatu, "mama anakwenda kufunga siku saba kwa ajili ya ngozi?"

"Dada, nilikuambia usimwambie mama."

Na kweli aliniambia. Hilo lilizidi kuniudhi.

"Ungesema ni urembo."

"Ningesema ni urembo ungekuja?"

"Nisingekuja. Ningekutukana kwenye simu, ingekuwa nafuu kwetu wote."

Akaanza kujitetea. Kila siku kazini anaulizwa kama kachoka. Kuna bibi wa Kizungu wa miaka tisini na moja, hanyanyuki kitandani, anamshika mkono anamwambia nenda kalale kidogo mwanangu. Nikamwambia macho hayohayo mimi nimeolewa nayo mara mbili. Akasema, "Na mara zote mbili umeachika, dada." Salma akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Baada ya chai tukapatana: siku nyuzi zitakapotolewa, Rehema atampigia mama na kumwambia ukweli kwa mdomo wake, kabla mama hajaanza kufunga. Mpaka hapo mimi mdomo kufuli. Nilikubali nikiwa nimekasirika, na usingizi nilioupata ulikuwa wa hasira.

Thamesmead hadi Kenton

Kliniki yenyewe iko Kenton, upande wa pili kabisa wa mji. Basi, treni, treni nyingine, na moja ikasimama katikati ya njia dakika arobaini bila sababu iliyoelezwa. Hakuna aliyelalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yao, kwa Kiswahili.

Kliniki ilikuwa ndogo, safi, inanuka kama kurasa za kitabu kipya. Nikatafuta kona nzuri kwenye korido, nikatandika mkeka, nikapanga chupa za chai. Akaja nesi, Mkenya wa Bungoma, Sista Nekesa.

"Mama, hii mkeka ni ya nini?"

"Ya kulala. Namuuguza mdogo wangu."

"Hapa hakuna mtu analala, mama. Hata mgonjwa mwenyewe anaenda nyumbani leo leo, kabla ya saa nane."

Nikamwuliza upasuaji gani huo, wa kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Akacheka, akaukunja mkeka wangu vizuri kuliko nilivyoukunja mimi, akaniruhusu nishuhudie mwanzo. Daktari alimkalisha Rehema wima, akamwambia atazame mbele, akamchora mistari kwenye kope kwa kalamu, huku anabana ngozi kwa koleo dogo kuona itatoka kiasi gani bila jicho kukataa kufunga. Alieleza kwamba ganzi ni ya sindano hapohapo kwenye kope, mgonjwa yuko macho muda wote, kazi ni ya saa moja hivi, na asitarajie kupendeza wiki hii. Atavimba, atapata weusi, ataonekana kapigwa, na sura yenyewe itatulia baada ya miezi. Rehema akaitikia kila kitu kama bibi harusi. Waliposhika sindano, Sista Nekesa akaniambia nikatembee.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la Mhindi mmoja mzee, mzaliwa wa Kisumu. Aliposikia nikijisemea peke yangu mlangoni akanikaribisha kwa Kiswahili cha heshima zote, akanikaangia mhogo, akaukamulia ndimu na kunyunyiza pilipili. Ndugu zangu, mhogo ule ulinirudishia akili. Akauliza nani mgonjwa. Nikadanganya: mdogo wangu, mtoto wa jicho. Akatazama kliniki, akanitazama mimi na kope zangu.

"Mke wangu naye alitengeneza kope pale," akasema. "Alipopona akaanza kuliona vumbi la dukani. Sijapumzika tangu siku ile."

Kenton hadi kitandani

Niliporudi Rehema kaketi kwenye kiti, kitambaa baridi usoni. Akasimulia kwamba sindano ndiyo iliyouma, mithili ya siafu, halafu hakuna maumivu, ila alisikia mkasi ukila ngozi yake na kunusa kitu kinaungua wakati wa kuziba damu. "Nikajiambia hicho kinachoungua ni mimi," akasema.

Sista Nekesa akatupa masharti. Kitambaa baridi, kwa siku mbili za mwanzo. Alalie mito miwili. Marhamu ya macho, na asishtuke akiona ukungu, ni marhamu yenyewe. Asiiname, asinyanyue kitu kizito, aswali amekaa. Wanja na poda ya macho asiguse wiki mbili. Maumivu yakiwa makali au kuona kukipungua, apige simu saa hiyohiyo. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa sikio la mtu aliyeuguza watu miaka thelathini. Yaani sikusikiliza.

Kesho yake asubuhi Rehema aliamka kavimba, kope za zambarau, nyuzi zimetokeza pembeni kama miguu ya mende. Na sisi uvimbe tunaufanyaje? Tunaukanda. Nimekanda wazazi, nimekanda vifundo, nimekanda mgongo wa marehemu baba. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikachovya kanga, nikaikamua, nikamwambia Rehema atulie. Alisema, "Dada, walisema baridi." Nikamwambia baridi ni ya Wazungu.

Nilikanda jicho la kushoto dakika kumi. Nilipotoa mkono nikaona damu inashuka shavuni, na kope imejaa mpaka jicho halionekani.

"Dada," akasema taratibu, "upande huu sioni."

Jamani. Nilikaa sakafuni jikoni na kanga yangu mkononi, nikaomba kwa sauti, nikimwambia Mungu kwamba nadhiri ya mama haikuwa na maana hii, kwamba macho haya yalikuwa mazima mpaka nilipoyagusa mimi. Salma ndiye aliyepiga simu kliniki.

Kenton, mara ya pili

Sista Nekesa aliuliza maswali mawili: anaumwa sana, na akifunguliwa kope kwa kidole anaona mwanga? Rehema alifunguliwa. Akaona mwanga, akaona na uso wangu, akasema afadhali asingeuona. Basi njooni sasa, akasema sista, na maumivu yakizidi njiani shukeni mwende hospitali yoyote iliyo karibu.

Safari ile sikumbuki treni wala basi. Nakumbuka barafu ndani ya soksi ya Salma, na mkono wa Rehema ndani ya wangu. Kwenye treni ya pili akaniambia bila kugeuka:

"Unajua kwa nini nilifanya? Nilitaka kuja nyumbani."

Sikuelewa. Akaendelea. Miaka tisa hajakanyaga Tanga. Mwanzo ilikuwa makaratasi, baadaye talaka, baadaye kazi. Lakini miaka hii ya karibuni hakukuwa na sababu. Kila anapotaka kukata tiketi anajitazama kwenye kioo, anaona mtu kachoka, anawasikia watu wa mtaani wakisema Rehema kaenda Ulaya kuchakaa. Anajiambia si mwaka huu. "Nikasema nikitengeneza hili tu, nitakuja."

"Watu gani hao?" nikamwuliza.

"Nyinyi," akasema.

Nikaigeuza ile soksi ya barafu. Nawaandikia hili nyinyi hasa, shoga zangu, mnaonisoma mkiwa na chai mkononi. Na mimi nimo.

Daktari alimfungua jicho, akammulika, akamwambia ahesabu vidole. Viwili. Vitano. Kimoja. Damu ilikuwa imekusanyika juujuu kwenye kope tu, jicho lenyewe salama, uzi mmoja umelegea, akaufunga upya. Nililia mpaka nikapewa kiti. Sista Nekesa akaniletea maji, akasubiri nimalize, ndipo akanipa vyangu.

"Mama, nilisema baridi."

"Ulisema, sista."

"Rudia."

"Baridi."

"Mara tatu."

Nilirudia mara tatu, mwanamke wa miaka sitini na tatu, mwalimu mstaafu, kwenye korido ya watu.

Siku ya nyuzi

Siku ya nane nyuzi zikatoka, hazikumwuma, alisema ni kama kung'olewa unyusi. Weusi umeshuka hadi mashavuni na kugeuka manjano. Lakini chini ya hayo yote, jamani, macho yalikuwa wazi. Alinitazama nikashtuka kidogo, maana kwa mara ya kwanza nilimwona mtu ambaye hafanani na mimi. Nilimwambia kapendeza. Nilimwambia pia kwamba imeniuma, na yote mawili yalikuwa kweli.

Jioni akampigia mama kwa video. Mama alikuwa amevaa kanga mpya kwa ajili ya habari njema.

"Unaniona, mwanangu?"

"Nakuona, mama. Lakini mama, usifunge. Sikuwa kipofu. Sikuwa naumwa. Nilikata kope, zilikuwa zimelegea."

Mama akasogeza simu karibu na uso.

"Kope," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hizi nilizokuzaa nazo."

"Nisamehe, mama."

"Kwa hiyo ulikuwa mzima."

"Mzima, mama."

"Miaka yote hii."

Mama akampa simu jirani aliyekaa naye aikate. Sisi tukabaki tunatazama kioo cheusi, na Salma, ambaye alikuwa mlangoni, akaja akamkumbatia mama yake bila kusema kitu, Kiingereza wala Kiswahili. Mimi, Mungu anisamehe, nilipumua: angalau nadhiri imefutika, hakuna kufunga.

Kurudi Tanga

Nilirudi na ule mkeka haujalaliwa. Nimefika nyumbani saa saba mchana, mama yuko barazani, midomo mikavu. Nikampa maji. Akatikisa kichwa.

"Nimefunga."

Nikaangusha sanduku. "Mama, umefungia nini? Rehema hakuumwa. Nadhiri ile haipo tena."

"Ile haipo. Hii ni yangu nyingine. Miaka tisa nilikuwa namtetea kwa watu. Nilisema huko kuna kazi nyingi, huenda ana maradhi hataki kunitia wasiwasi. Nikamsamehe. Kumbe mzima. Basi nafunga mpaka aje."

Nikamwambia nadhiri hutimizwa baada ya jambo kuwa, si kabla. Akaniambia mimi nilifundisha hesabu, sikufundisha dini. Sindano ya asubuhi alikuwa kachoma nusu, kwa akili yake mwenyewe. Nikampima sukari, nikaona namba sikuipenda, nikamwambia. Akasema hata yeye haipendi.

Nikampigia Rehema kazini. Nikamweleza yote, na namba nikamtajia.

"Mwambie ale, dada. Mwambie nakuja."

Nikamwambia mama. Mama akauliza, "Kakata tiketi?"

"Bado, mama."

"Basi sijasikia kitu."

"Dada," Rehema akasema kwenye simu, sauti imemkauka, "uso bado wa manjano. Ngoja hata mwezi, uvimbe ushuke, halafu..."

"Rehema," nikamwambia, "mama hali."

Akakata simu. Jioni ikafika, adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Nikamletea mama tende na uji, nikaviweka mbele yake kwenye sinia. Hakugusa. Nikamwambia adhana hiyo, mama, kuchelewesha kufuturu si sunna. Akasema anajua. Robo saa ikapita, mkono wake umeanza kutetemeka kwenye paja, na mimi nimeshika simu, sijui nimtukane nani kwanza.

Ndipo picha ikaingia. Tiketi mbili, Rehema na Salma, Jumanne ijayo.

Mama aliomba miwani. Akasoma jina. Akasoma tarehe, akairudia tarehe kwa kidole. Akauliza Jumanne ni baada ya siku ngapi, nikamwambia nne. Akasema bismillahi, akatia tende mdomoni, akaanza kutafuna huku machozi yanamteremka, na alipomeza akaniambia nimpigie huyo mwanamke, nimwambie aje hivyohivyo na manjano yake.